Mama Mwenye Kasoro: Kule Anaitwa Mpelelezi, Huku Anaitwa Mchawi

Chukua mfano huu. Ni Igawa, pembeni ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, msimu wa mavuno ya mpunga Mbarali umepamba moto. Usiku mmoja magunia mawili ya mchele yanapotea kwenye mashine ya kukoboa. Kufika saa moja asubuhi vijana wa bodaboda wameshamaliza kesi: mwizi ni mlinzi, nani mwingine? Mlinzi wa watu anakaribia kupigwa.

Hapo stendi yupo mamantilie mmoja, umri unaelekea 50. Sifa zake zinajulikana mtaa mzima. Ameachika mara mbili, mdomo hauna breki, kwenye kikoba anadaiwa, na ulanzi ukishuka kutoka Iringa haumpiti. Huyo mama anaacha sufuria jikoni, anakuja anafuta mikono kwenye kanga.

"Wanangu, acheni kwanza. Huyu mlinzi asubuhi hii kanywa chai kwangu kwa mkopo. Mtu kauza magunia mawili halafu anakopa chai? Ila kuna mwenzenu mmoja nilikuwa namdai wiki tatu. Leo alfajiri kaja kulipa yote, hata sijamkumbusha. Na pindo la suruali limejaa pumba, wakati mashineni hafanyi kazi. Nendeni mkamsalimie."

Mchana mchele unapatikana. Jioni watu wanapiga stori, na hapo wanagawanyika. Nusu wanasema, "Yule mama ana akili sana." Nusu nyingine wanaguna, "Lakini amejuaje? Yule mama siyo bure."

Mfano huu ni wa kutunga, lakini kila mtu anaujua mtaa wa namna hiyo na anamjua mama wa namna hiyo. Na hizo kauli mbili, "ana akili" na "siyo bure", kila moja ina historia yake ndefu. Ya kwanza imezaa vitabu na tamthilia zinazopendwa dunia nzima. Ya pili imezaa makaburi.

Mbea wa kwanza kitabuni

Kuna aina ya hadithi za upelelezi ambazo hazina bunduki nyingi wala damu ya kutapakaa. Mauaji yapo, ila yanatokea kijijini au mji mdogo ambao kila mtu anamjua mwenzake, na anayefumbua fumbo siyo polisi. Ni raia tu. Kwa Kiswahili chetu tuziite hadithi za upelelezi wa mtaani. Na kwenye hadithi hizi mfalme ni malkia: mwanamke mtu mzima, mara nyingi hana mume, na karibu siku zote ana kasoro.

Mmoja wa wa kwanza kabisa alitoka Marekani. Mwandishi Anna Katharine Green alikuwa ameshapata jina kwa riwaya ya upelelezi ya 1878, miaka tisa kabla Sherlock Holmes hajazaliwa kitabuni. Mwaka 1897 akatoa kitabu kiitwacho That Affair Next Door, yaani kisa cha nyumba ya jirani. Humo yumo Bi Amelia Butterworth, mwanamke wa ukoo wa heshima, hajaolewa, ambaye usiku anachungulia dirishani kuangalia nani kaingia nyumba ya pili. Kwa Kiswahili cha mtaani huyo ni mbea. Lakini kesho yake maiti inapokutwa kwenye ile nyumba, umbea unabadilika jina. Unaitwa ushahidi.

Hapo ndipo siri ya hadithi hizi ilipoanzia. Kitu kilekile ambacho mtaa unamsema mama huyo vibaya ndicho kinachomfanya aone ambacho polisi hawakioni. Kasoro yake ndiyo kazi yake.

Mwandishi aliyepotea siku 11

Ila aliyeifanya kasoro hiyo ikapendwa dunia nzima ni Mwingereza Agatha Christie, na safari yake ilianza na aibu yake mwenyewe.

Mwaka 1926 ulikuwa mbaya kwake. Mama yake mzazi alifariki. Halafu mume wake, Archie, akamwambia anataka talaka kwa sababu anampenda mwanamke mwingine, aliyeitwa Nancy Neele. Usiku wa tarehe 3 Desemba Agatha akaondoka nyumbani na gari. Gari likakutwa limetelekezwa, yeye hayupo. Nchi nzima ikawa inamtafuta, magazeti yakawa yanauza. Baada ya siku 11 akakutwa hotelini katika mji wa Harrogate, kaandikisha jina la ukoo la yule mwanamke wa mume wake. Wengine wakasema kapoteza kumbukumbu, wengine wakasema anatafuta kiki. Yeye mwenyewe hakupenda kabisa kuzungumzia jambo hilo maisha yake yote.

Alikuwa na miaka 36, mtoto mmoja, na ndoa iliyovunjika mbele ya umma. Sasa angalia kilichofuata. Desemba 1927, mwaka mmoja tu baada ya ile aibu, hadithi fupi yake ikatoka kwenye jarida moja la Uingereza. Wamekaa watu sita sebuleni wanapimana akili kwa visa vya mauaji: yupo mkuu wa zamani wa polisi, yupo mwanasheria, yupo mwandishi, yupo mchungaji. Pembeni amekaa bibi mmoja anafuma sufi. Hakuna anayemhesabu. Mwisho wa kikao ni yeye aliyepata jibu. Jina lake Miss Marple.

Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1930, na humo hata majirani zake wanamuona bibi mbea asiyependeza sana. Mbinu yake ni ya kawaida kabisa. Hana maabara. Kila akisikia kisa anakumbuka mtu fulani wa kijijini kwake: huyu anafanana na yule mfanyakazi wa ndani aliyeiba, yule anafanana na muuza samaki aliyedanganya. Kaishi sana, kaona watu wengi, basi. Christie alimwandikia riwaya 12, na ya mwisho ilitoka 1976, mwaka ambao mwandishi mwenyewe alifariki.

Kwa nini wasomaji wa wakati ule walimpokea? Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeua vijana wa kiume wengi mno. Sensa ya 1921 ilionyesha kwamba Uingereza wanawake wamewazidi wanaume kwa zaidi ya milioni moja na nusu. Magazeti yakawa yanawazungumzia wanawake hao kama watu wa ziada, mzigo, watu ambao hawana kazi duniani kwa kuwa hawana waume. Halafu anakuja bibi mmoja wa kitabuni, hajaolewa, hana mtoto, na bila yeye mchungaji, mwanasheria na polisi wote wanabaki wanatoa macho. Kwa msomaji mwanamke wa kipindi kile hiyo haikuwa burudani peke yake. Ilikuwa ni jibu.

Kutoka bibi mtakatifu hadi mama wa kweli kweli

Miss Marple, pamoja na umbea wake, bado alikuwa bibi msafi. Halewi, hafukuzii wanaume. Waliokuja baada yake wakaanza kusogea karibu na binadamu wa kawaida.

Mwaka 1984 televisheni ya Marekani ikaanza kuonyesha tamthilia ya Murder, She Wrote. Mhusika mkuu, Jessica Fletcher, ni mwalimu mstaafu, mjane, anaandika vitabu katika mji mdogo wa pwani. Aliyemwigiza, Angela Lansbury, alikuwa anakaribia kutimiza miaka 59. Kwenye biashara ambayo mwigizaji wa kike akifika 40 anaanza kupewa nafasi za mama mkwe, huyu akabeba tamthilia kwa misimu 12, hadi 1996, jumla ya vipindi 264.

Halafu 1992 akaja yule aliyevunja kabisa sahani: Agatha Raisin, aliyetungwa na mwandishi wa Uskochi anayejulikana kwa jina la M.C. Beaton. Huyu mama ana miaka 53. Amekulia umaskini Birmingham kwa wazazi walevi, akakimbia, akaolewa na mlevi mwingine, akamkimbia naye, akajenga kampuni yake London, akaiuza, akahamia kijijini kutafuta heshima. Anavuta sigara, anakunywa pombe kali, ana hasira, anadanganya, na anamfukuzia jirani yake kwa namna ambayo msomaji anaona aibu kwa niaba yake. Kupika hajui. Basi kijiji kinafanya mashindano ya mapishi, na yeye anaenda zake London, ananunua mkate wa mayai na jibini wa dukani, anaupeleka kama kapika mwenyewe. Jaji wa mashindano anakula ule mkate usiku na kufa kwa sumu.

Tazama alivyobanwa hapo. Ili ajitetee kwamba hajaua, inabidi akiri kwamba amedanganya. Aibu ndogo ndiyo mlango wa kutokea kwenye kesi kubwa. Na msomaji anampenda papo hapo, kwa sababu nani hajawahi kununua kitu dukani akasema kapika mwenyewe?

Kwa hiyo mvuto wa mama hawa una sababu nne ukizipanga vizuri.

Kwanza, hawaonekani. Binti wa miaka 22 akiingia chumbani wote wanageuka. Mama wa miaka 50 akiingia na sinia la chai, maongezi yanaendelea. Anasikia kila kitu.

Pili, wanajua maisha. Wameuguza, wamezika, wamedaiwa, wameachwa. Muuaji naye ni mtu mwenye deni au wivu, na hivyo ni vitu wanavyovijua kwa majina. Christie mwenyewe ujuzi wake wa sumu hakuupata chuo cha polisi. Aliupata kwenye chumba cha dawa hospitalini wakati wa vita, akichanganya dawa.

Tatu, hawana sura ya kulinda. Polisi anaogopa bosi, kijana anaogopa kuchekwa. Mama aliyeachika mara mbili ameshachekwa vya kutosha, kwa hiyo anauliza swali ambalo wengine wanalionea haya.

Nne, na hii ndiyo kubwa, mtu mwenye kasoro anajua kutofautisha kosa na uovu. Yeye mwenyewe ni mkosaji. Kwa hiyo anapomkuta mlevi, malaya au mdeni hakimbilii kusema "muuaji ni huyu". Anaangalia ushahidi. Msomaji anajisikia salama mikononi mwake, kwa sababu naye ana kasoro zake na hataki siku moja zitumike kumhukumu kwa kosa ambalo hakulifanya.

Mama wa Gaborone

Afrika ilimpata mama wake 1998. Anaitwa Precious Ramotswe, wa Gaborone, Botswana. Baba yake alifanya kazi kwenye migodi ya Afrika Kusini, akaharibikiwa mapafu, akafa na kumwachia ng'ombe 180. Ndugu zetu wafugaji wa Usangu wakisikia idadi hiyo watakaa vizuri. Yeye akauza ng'ombe akafungua ofisi ya upelelezi. Mwanasheria anamhoji kama kweli mwanamke anaweza upelelezi, na mama anamjibu kwa kumtajia jina la Agatha Christie.

Ana mwili mkubwa na hauonei haya. Amewahi kuolewa na mpiga tarumbeta aliyempiga, na mtoto wake alifariki akiwa mchanga. Ana gari dogo jeupe, chai yake ya majani mekundu, na karani aliyemaliza chuo kwa alama 97 kwa mia. Kesi zake nyingi siyo mauaji: ni mume anayetoka nje, ni tapeli anayejifanya baba wa mtu. Kesi za mtaani. Televisheni ikampokea 2008, na waliomwigiza walienda kupiga picha Botswana kwenyewe.

Ila kuna jambo la kusema wazi. Aliyemtunga mama huyu ni mwanaume Mzungu, Alexander McCall Smith, mzaliwa wa Bulawayo anayeishi Uskochi, aliyewahi kufundisha sheria Botswana. Kampenda mama wa Kiafrika, sawa, na wasomaji wa Kiafrika wengi nao wamempenda. Lakini wako waliouliza kama Botswana ya vitabu vile siyo tamu kupita kiasi. Mwaka 2002 Mtswana mwenyewe, Unity Dow, aliyekuwa jaji wa kwanza mwanamke wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo, alitoa riwaya kuhusu msichana mdogo aliyeuawa kwa ajili ya viungo vya dawa, na wakubwa wakaficha. Nchi ileile, chai haimo. Na hapo tunaanza kukaribia nyumbani.

Na Kiswahili chetu je?

Kiswahili hakijaanza upelelezi jana. Mwaka 1957 na 1958 Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilifanya mashindano ya uandishi, na mshindi akawa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mzaliwa wa Makunduchi, aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya kisha mhariri wa gazeti. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kikatoka 1960. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mzee wa kiko mdomoni, na rafiki yake Najum pembeni. Bwana Msa siyo polisi. Ni raia tu mwenye macho. Yaani ni upelelezi wa mtaani kabisa, na wa Kiunguja.

Na alikuwa anapambana na nini? Angalia majina: mzimu, halafu mwaka 1968 Kisima cha Giningi. Giningi kwa Wazanzibari ni mji wa wachawi. Tangu kitabu cha kwanza, upelelezi wa Kiswahili ulikuwa ni mtu mmoja anayekataa jibu la "ni mzimu" na kuuliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani anafaidika. Hata kasoro tulikuwa nazo: kitabu cha mwisho cha mfululizo, cha 1984, kinaitwa Kosa la Bwana Msa. Shujaa mtu mzima anayekosea tulishampata. Tofauti ni kwamba alikuwa mwanaume.

Waliofuata walikwenda njia nyingine. Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo, 1965, wakatuletea Inspekta Wingo, polisi. Elvis Musiba kuanzia Kufa na Kupona, 1974, akatuletea Willy Gamba, jasusi. Ben Mtobwa wa Kasulu akatuletea Joram Kiango. Vijana wa wakati huo walivisoma vitabu hivi hadi vikachanika, vinaazimwa kutoka mkono hadi mkono.

Wanaume hao hawakuja kwa bahati mbaya. Tanzania ya miaka ya 1970 ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa Dar es Salaam. Makaburu walikuwa maadui wa kweli, siyo wa kitabuni. Nchi ilihitaji kijana mwenye bastola anayepanda ndege kwenda kuwakomesha. Mamantilie wa Igawa asingeweza kumkomesha kaburu.

Lakini angalia mwanamke kawekwa wapi humo. Akiwa kijana ni mrembo: ama chambo cha maadui, ama mpenzi wa shujaa. Nuru wa Joram Kiango ni mwerevu na ana ujasiri, ila ni kijana na uzuri wake hauachi kutajwa. Akiwa mtu mzima ni mama wa mtu, analia. Na ukihamia kwenye filamu zetu za nyumbani, mama mtu mzima amegawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mama malaika, anayeteseka, anayesali, anayesamehe. Fungu la pili ni mama mkwe mkorofi, na mwisho wa filamu anakutwa na tunguri.

Malaika au mchawi. Katikati hakuna kiti. Na Miss Marple, Agatha Raisin na Mma Ramotswe wote wamekaa hapo katikati.

Mwaka mmoja, barua mbili

Sasa rudi kwenye zile tarehe. Miss Marple kazaliwa kitabuni Desemba 1927. Mwaka uliofuata, 1928, serikali hiyohiyo ya Waingereza, iliyokuwa inaitawala Tanganyika, ikatunga Sheria ya Uchawi, ambayo mpaka leo ipo kwenye vitabu vyetu vya sheria. London wanasoma habari za bibi anayejua siri za watu na wanacheka kwa furaha. Huku bibi anayejua siri za watu ana sheria yake.

Tusidanganyane, hofu ya uchawi haikuletwa na hiyo sheria. Ilikuwepo. Wakoloni walidhani wataizuia kwa karatasi, na haikuzuilika. Miaka mingi baada ya uhuru, Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza na majirani zao, vikongwe wameuawa kwa mapanga usiku kwa sababu ya macho mekundu. Macho mekundu! Mwanamke aliyepika kwa kuni na samadi kwenye jiko lenye moshi kwa miaka 40 ana macho ya rangi gani nyingine? Nyanda za Juu Kusini nako hakujasalimika na imani za namna hiyo. Mara nyingi nyuma ya panga kuna shamba, kuna mirathi, kuna mjane anayekalia ardhi ambayo mtu anaitaka.

Na ukiangalia vizuri, ramli chonganishi nayo ni hadithi ya upelelezi. Ina kila kitu. Kuna kifo. Kuna watu wanaouliza nani kaua. Kuna mtaalamu anayelipwa kufumbua fumbo. Kuna mtuhumiwa, na kuna hukumu. Kinachokosekana ni kimoja tu: ushahidi. Mganga anaanza na jina halafu anatafuta sababu. Miss Marple anaanza na sababu halafu anafika kwenye jina. Kati ya hizo njia mbili ndipo mtu anapoishi au anapokufa.

Kibaya zaidi, sifa zilezile zinazomfanya mama wa kitabuni apendwe ndizo zinazomweka mama wa kweli hatarini. Hana mume: kule yuko huru, huku "aliwamaliza". Anajua habari za kila nyumba: kule ana kumbukumbu, huku "anatembea usiku". Ana mdomo: kule jasiri, huku "alimtishia marehemu". Anajua dawa za mizizi: kule ana ujuzi, huku usiseme.

Wapo watakaosema, sasa riwaya itazuia panga? Haizuii. Muuaji hakai akasoma sura ya tatu kwanza. Na wapo watakaosema hizi ni hadithi za Wazungu wanaokunywa chai wakati maiti iko sebuleni, kwetu kifo siyo mchezo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hata Bwana Msa alivaa nguo za Sherlock Holmes, Abdulla akazishona upya mpaka zikawa za Unguja, na hakuna leo anayemwita Mzungu. Kilichompa uhai siyo kiko. Ni lile swali lake: tuna hakika gani?

Hadithi inafanya kazi ndogo ila ya muda mrefu. Inazoesha masikio. Mtu aliyelelewa na hadithi ambazo bibi mwenye kasoro ndiye anayesema kweli, siku akisikia "amejuaje?" atakuwa na jibu la pili kichwani: amejua kwa sababu alikuwepo, aliangalia, na sisi hatukuangalia. Mtu aliyelelewa na hadithi za malaika na wachawi tu hana jibu hilo. Akiona mama siyo malaika, amebakiwa na kiti kimoja cha kumkalisha.

Kurudi stendi

Kwa hiyo yule mamantilie wa mfano wetu bado amesimama pale kwenye sufuria lake, basi la Tunduma linaingia, abiria wanashuka haraka haraka kutafuta wali. Kamuokoa mlinzi na kipigo. Kwenye kikoba bado anadaiwa, mdomo bado hauna breki, na mume wa tatu kuna tetesi. Hajawa malaika na hana mpango huo.

Riwaya yake haijaandikwa. Haihitaji Cotswolds wala Gaborone. Inahitaji mashine ya kukoboa, daftari la madeni, mjumbe wa nyumba kumi anayependa rushwa ndogo ndogo, na mwandishi anayejua kwamba "Kamwene" ya asubuhi ikijibiwa kwa sauti ya chini kuna jambo limetokea usiku. Labda atakayeiandika ni binti yake, yule anayeosha vyombo huku anasikiliza kila kitu.

Wewe msomaji, mtaani kwako yupo mama wa namna hiyo? Aligundua nini, na watu walisema ana akili au walisema siyo bure? Andika hapo chini. Ila jina lake usitaje.